Mtaalamu anajibu: Kamera ya gama ya semikondakta, na joto la Lindi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, nipo Lindi. Mwaka jana nilimsindikiza mama mdogo Dar es Salaam kupigwa picha ya mifupa baada ya matibabu ya saratani ya matiti. Alichomwa sindano ya dawa yenye mionzi, tukasubiri saa tatu, kisha akalazwa chini ya kamera karibu nusu saa, na mgongo unamuuma. Nimesoma kwamba siku hizi kuna kamera za semikondakta badala ya fuwele ya zamani, na kwamba zinamaliza haraka. Je, ni kweli? Zinaundwaje? Na zinaweza kufanya kazi huku Kusini, kwenye joto na umeme wa kukatikakatika?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfikishie mama mdogo salamu na pole. Kulala chali nusu saa juu ya meza nyembamba na uti wa mgongo unauma ni adhabu, na akijisogeza kidogo tu picha inaharibika. Nitakujibu nikimkumbuka yeye, maana yeye ndiye kipimo cha kamera nzuri.

Semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme nusunusu, ni kigunduzi (kinasa mionzi) bora kuliko fuwele ya zamani, hilo halina ubishi. Lakini ukichukua kamera ileile aliyolalia, ukang'oa fuwele na kupachika semikondakta, mengine yote ukayaacha yalivyo, mama mdogo asingeokoa muda wa maana. Faida kubwa inakuja pale mbunifu anapoipanga upya kamera nzima kukifuata kigunduzi kipya. Hapo ndipo wengi wanapopotea, wakiwemo wanaonunua mashine kwa fedha za umma, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda.

Kwanza ujue kilichomo kwenye kichwa cha kamera ya kawaida. Wazo lake ni la Hal Anger, aliyefanya kazi Berkeley, California, miaka ya 1950, na mpaka leo kamera nyingi za gama duniani zinalifuata. Sindano ya mama mdogo kwa kawaida huwa na teknetiamu-99m iliyofungwa kwenye dawa inayopendwa na mifupa. Teknetiamu inatoa fotoni za gama, yaani punje za mionzi, zenye nishati ya kilo-elektroni-volti 140 (tutaandika keV). Fotoni ikitoka mwilini inagonga fuwele pana ya sodiamu iodaidi, fuwele inamemeta, na nyuma yake kuna mirija ya kukuza mwanga inayougeuza mmemeto huo kuwa umeme. Kompyuta inalinganisha mirija ipi imeona mwanga mwingi na ipi mdogo, ndipo inakadiria fotoni ilitua wapi.

Njia hiyo ni kama kubeba maji kwa kupokezana kata: kila mkono unamwaga kidogo. Fotoni moja ya keV 140 inazaa chembe za mwanga kama 5,000 ndani ya fuwele. Nyingine zinapotea njiani, na zile zinazofika kwenye mirija, sehemu ndogo tu ndiyo inageuka kuwa elektroni. Mwisho wa safari hesabu ni ndogo na inayumba, kwa hiyo kamera inaijua nishati ya fotoni kwa wasiwasi wa asilimia 9 hadi 10.

Semikondakta inafuta mikono ya katikati. Ile inayotumika zaidi inaitwa kadimiamu-zinki-teluraidi, kwa kifupi CZT. Fotoni ikigonga humo, nishati yake inang'oa elektroni moja kwa moja, bila mwanga wowote kupita katikati. Kila elektroni inayong'oka inagharimu wastani wa elektroni-volti 4.6, kwa hiyo fotoni ya keV 140 inakupa elektroni kama 30,000. Unaweka volti mia kadhaa kati ya uso mmoja wa kipande na mwingine, elektroni zinavutwa upande wake, na umeme unaousoma ni wa fotoni yenyewe. Wasiwasi wa nishati unashuka hadi asilimia 5 au 6.

Utauliza, kuijua nishati kwa usahihi kunamsaidia nini mgonjwa? Wewe umekulia kwenye korosho, unajua ghala linaharibiwa na nini: korosho mbovu zikichanganywa na daraja la kwanza, mzigo wote unashuka bei. Fotoni nazo zina daraja. Ile iliyotoka kwenye mfupa ikaja moja kwa moja ndiyo daraja la kwanza. Nyingine imegonga elektroni njiani mwilini, ikapinda, ikapoteza nishati kidogo, ikaingia kwenye kamera kana kwamba imetoka mahali pengine. Hiyo inaweka ukungu kwenye picha. Njia ya kuitambua ni kuipima nishati.

Fundi wa kamera anaweka dirisha: fotoni zenye nishati ndani ya dirisha zinahesabiwa, za nje zinatupwa. Kwa sodiamu iodaidi dirisha la kawaida ni la asilimia 20, yaani keV 126 hadi 154. Piga hesabu kwa kanuni ya Compton, inayoeleza fotoni hupoteza nishati kiasi gani ikigonga elektroni na kupinda, utaona kwamba fotoni iliyopinda hata nyuzi 50 bado inapita katika dirisha hilo na kuhesabiwa kuwa safi. Huwezi kulibana, maana utatupa na zile nzuri ambazo kipimo chako chenye kuyumba kimezisoma vibaya. Kwa CZT unaweza kulibana. Upande wa chini ukiupandisha hadi keV 133, zinazopinda zaidi ya nyuzi kama 36 zinakatwa. Mgonjwa mnene anafaidika zaidi, kwa sababu ndani yake fotoni zinapinda mara nyingi. Na kama umemchoma mtu dawa mbili kwa pamoja, moja ya teknetiamu na nyingine ya iodini-123 yenye keV 159, CZT inazitenganisha vizuri zaidi, wakati kwa fuwele ya zamani zinaingiliana sana.

Mpaka hapo ni sifa tupu. Sasa njoo kwenye kolimeta.

Mbele ya kigunduzi kuna bamba la risasi lenye maelfu ya matundu membamba. Fotoni ya gama haiwezi kukusanywa kwa lenzi kama mwanga, kwa hiyo bamba hilo linaruhusu tu zile zinazokuja zimenyooka na tundu. Funga mianzi myembamba fungu moja, kisha itazame ghuba ya Mikindani kupitia humo: kila mwanzi unakuonyesha kipande chake tu, na mwanga mwingi unaishia kwenye kuta. Kwa kolimeta ya kawaida, katika kila fotoni 10,000 zinazotoka kwa mgonjwa inapita kama 1 hivi. Moja! Hizo 9,999 tumezipoteza kabla kigunduzi hakijaambiwa kitu. Hata ungekuwa na kigunduzi kilichoshushwa na malaika, kazi yake ni kuisoma hiyo moja. Ndiyo maana nilikuambia kubadilisha fuwele peke yake hakumfupishii mama mdogo muda mezani.

Waliofanikiwa walianza na moyo. CZT haitengenezwi kwa bamba moja pana. Inakuja vipande vidogo, na kimoja cha kawaida kina upande wa karibu sentimita 4, kimegawanywa vyumba 16 kwa 16, kila chumba milimita 2.46. Kwa kuwa hakuna mirija mirefu nyuma yake, kipande ni chembamba na chepesi, unaweza kukiweka popote. Wabunifu wakaona kwamba hakuna sababu ya kuendelea na vichwa viwili vizito vinavyomzunguka mgonjwa na kupoteza muda kutazama mapafu na meza. Wengine walipanga nguzo nyembamba za CZT kuzunguka kifua, kila nguzo ikigeuka polepole na kuuelekea moyo. Wengine walizungusha vipande vingi vilivyotulia, kila kimoja na kitundu kimoja kama cha sindano, vyote vikiutazama moyo kwa wakati mmoja. Kwa mpangilio huo walikubali kolimeta yenye matundu mapana zaidi, na ukali wa picha waliopoteza wakaurudisha kwa hesabu ya kompyuta inayojua umbo la kila tundu. Kipimo kilichokuwa kinachukua dakika 15 hadi 20 kikashuka hadi dakika 5 au pungufu, au muda ukaachwa ulivyo na dawa ya mionzi ikapunguzwa. Baadaye likaja wazo hilohilo kwa mwili mzima: pete yenye mikono kama kumi na miwili, kila mmoja ukisogea mpaka karibu kugusa ngozi. Ukaribu huo una thamani kubwa, kwa sababu kolimeta yenye matundu sambamba inapoteza ukali kadiri inavyokaa mbali na mwili.

Umeniuliza zinaundwaje, na wewe ni fundi, kwa hiyo nikupe ugumu wenyewe wa kipande cha CZT. Elektroni ikitoka mahali pake inaacha nafasi tupu, tunaiita tundu (si lile la kolimeta), na tundu hilo nalo linasafiri kuelekea upande wa pili kama mzigo chanya. Katika CZT elektroni zinakwenda vizuri, lakini matundu yanajikokota, mwendo wake ni kama sehemu ya kumi ya elektroni au chini ya hapo, na mengi yananaswa kwenye kasoro za fuwele kabla hayajafika. Kwa hiyo umeme unaopata unategemea fotoni iligonga kina gani. Fotoni mbili zenye nishati sawa zinasomeka tofauti, na kwenye grafu ya nishati unaona kilele kinachoburuta mkia upande wa chini. Mkia huo ni fotoni nzuri zilizojifanya mbaya; dirisha likiwa finyu unazitupa.

Dawa yake ni nzuri sana, mimi hufurahi kila ninapoifundisha. Ukigawanya uso mmoja kuwa vyumba vidogo kuliko unene wa kipande, kila chumba kinakuwa karibu kiziwi kwa mzigo ulio mbali. Elektroni zikiwa bado safarini hakisikii kitu cha maana. Zikikaribia ndipo kinapaza sauti. Matundu, yanayokwenda upande wa pili, hayasikiki. Kwa umbo tu la bati la umeme, kasoro ya fuwele imefichwa.

Lakini usifurahi ukavuka mpaka. Chumba kikiwa kidogo mno, wingu la elektroni linaangukia kwenye mpaka wa vyumba viwili, nishati inagawanywa, na hakuna chumba kinachosoma ukweli wote. Tena kadimiamu na teluriamu zikigongwa hutoa eksirei zao zenyewe, za keV 23 na 27 hivi, zinazoweza kurukia chumba cha jirani. Milimita 2.46 kwenye unene wa milimita 5 ni maafikiano kati ya mambo hayo, na ukitaka kuboresha kamera hizi, hapo pana kazi: saketi inayotambua kwamba vyumba viwili vya jirani vimelia kwa wakati mmoja na kujumlisha, na inayokadiria kina cha mgongano ili isahihishe.

Unene huohuo wa milimita 5 ni kikwazo kingine. Kwa teknetiamu unakamata zaidi ya asilimia 80 ya fotoni zinazofika. Kwa iodini-131, tunayotumia kwa saratani ya tezi ya shingo na inayotoa keV 364, fotoni nyingi zinapita kama vile hakuna kitu. Hospitali yenye wagonjwa wengi wa tezi ikinunua CZT nyembamba itajuta. Siku hizi kuna vipande vya milimita 7 na kidogo, vinasaidia, lakini kuotesha fuwele nene isiyo na madoa ya teluriamu ndani ndiko kunakofanya bei iwe juu. Watafiti wanazijaribu fuwele za perovskaiti zenye risasi na bromini, kwa matumaini kwamba zitaoteshwa kwa gharama ndogo. Matokeo ya maabara yanapendeza, ila sijamshauri mtu yeyote azisubiri.

Kuhusu PET, aina nyingine ya kamera ya dawa za mionzi, ambayo fotoni zake ni za keV 511, huko semikondakta imeingia kwa mlango mwingine. Fuwele inayomemeta imebaki, lakini mirija ya mwanga imeondolewa na mahali pake vimewekwa vipande vya silikoni vinavyohesabu chembe za mwanga. Ukisikia mtu anasema "PET ya kidijiti", mara nyingi anamaanisha hivyo, na ni kitu tofauti na CZT.

Sasa joto letu. Nianze na fuwele ya zamani, kwa sababu watu hudhani ndiyo ngumu. Sodiamu iodaidi ni chumvi. Umeona majaruba ya chumvi ya Lindi, na umeona gunia la chumvi likiachwa wazi msimu wa masika: linatoa jasho, linalowana. Chumvi hii ni mlafi wa unyevu kuliko ile ya kula. Imefungwa ndani ya kasha la alumini na kioo, na kasha likipenywa na hewa, fuwele inageuka manjano na kufa. Hatari ya pili ni mabadiliko ya ghafla ya joto. Niliwahi kuitwa kwenye hospitali moja ambako kiyoyozi kilizimika usiku na umeme, asubuhi kikawashwa kwa nguvu zote kupooza chumba haraka. Fuwele ilipasuka kutoka ukingo hadi ukingo. Ni kipande kimoja, hakizibwi. Kichwa kizima cha kamera kilisimama kwa miezi, na wagonjwa walirudishwa makwao. Mpaka leo nikiona chumba cha kamera naangalia kiyoyozi kabla ya kamera.

CZT haina ulafi huo wa unyevu wala haipasuki kirahisi namna ile. Tofauti na jermaniamu, semikondakta nyingine ambayo lazima ipozwe kwa naitrojeni kimiminika, CZT inafanya kazi kwenye joto la chumba, kwa sababu elektroni zake zimeshikwa imara zaidi. Ila "joto la chumba" kwa aliyeandika kitabu cha mashine ni nyuzi ishirini na kidogo. Chumba cha Lindi mwezi wa Desemba umeme ukikatika si hicho. Joto likipanda, umeme unaovuja ndani ya kipande unaongezeka na kelele inaongezeka. Saketi zilizobandikwa nyuma yake nazo zinatoa joto lake. Na unyevu wa pwani ukitua kama umande juu ya uso wenye volti mia kadhaa, umeme unatambaa juu juu kati ya chumba na chumba cha kipande.

Kwa hiyo ningekuwa nachora kamera kwa ajili ya Mtwara au Lindi, ningefunga kila kundi la vipande ndani ya kasha lake lenye hewa kavu, lipoozwe humo humo kwa kifaa kidogo cha umeme, ili nisitegemee kiyoyozi cha chumba. Betri ya akiba ningeielekeza kwanza kwenye makasha hayo. Kompyuta ya picha izime, kipande kisipate umande. Volti ya juu ishuke yenyewe taratibu umeme ukikatika, na isipande mpaka kipima unyevu ndani ya kasha kiseme ruksa. Kila kipande kitolewe kwa skrubu nne na fundi kama wewe, kwa sababu hapa ndipo CZT inapotuteka moyo sisi wa mbali: kipande kimoja kikifa unabadilisha kimoja, kamera inaendelea. Hiyo peke yake, kwa maoni yangu, ina uzito kwetu kuliko ile asilimia 5 ya nishati.

Kuna jambo linalotangulia kigunduzi, nalo ni dawa yenyewe. Teknetiamu-99m inapungua nguvu kwa nusu kila saa 6. Ukiichukua Dar es Salaam kwa gari, zaidi ya kilomita 550, ikifika Mtwara baada ya saa 10 imebaki chini ya theluthi moja. Njia ya busara ni kuleta jenereta, kile chungu kidogo chenye molibdenamu-99 inayozaa teknetiamu kila siku. Molibdenamu inapungua kwa nusu kila saa 66, kwa hiyo siku moja ya kukwama uwanja wa ndege inakula zaidi ya asilimia 20 ya mzigo ulioulipia. Hapa kamera inayohitaji dawa kidogo inageuka kuwa suala la uchukuzi: jenereta iliyochoka ya siku ya nne, ambayo kwa kamera ya zamani ingekupa wagonjwa wachache, bado inaweza kukamilisha orodha ya siku.

Je, itakuja Kusini? Jengo la kuanzia lipo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara. Kinachotakiwa kabla ya mashine ni chumba chenye kinga, kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu, mfamasia wa dawa za mionzi, daktari na mwanafizikia wanaokubali kuishi huku. Nikiulizwa na serikali leo, kwa kanda hii ningeanza na kamera ya mwili mzima, maana wagonjwa wengi wangekuja kwa mifupa, figo na tezi. Ile ya moyo peke yake ingoje.

Wewe binafsi unaweza kuanza sasa, bila kungoja mtu. Kuna programu ya bure iitwayo GATE, inayoiga kwenye kompyuta safari ya fotoni moja moja; imejengwa juu ya Geant4, programu ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya Linux. Chora ndani yake kipande cha CZT cha milimita 5, mbele yake kolimeta, mbele yake chupa ya maji yenye teknetiamu. Badilisha ukubwa wa matundu ya kolimeta uone ukali na hesabu zinavyovutana. Ukipata ile 1 katika 10,000 kwa mikono yako mwenyewe, utakuwa umeelewa kuliko nilivyoeleza hapa.

La pili ni dogo zaidi, na sijaona mwenye takwimu zake kwa Lindi. Tafuta kipimajoto na kipima unyevu kinachojirekodi, kiweke kwenye chumba cha eksirei hapo hospitalini kwenu kwa wiki mbili za joto kali, na pembeni andika kila saa umeme ulipokatika, uliporudi, na chumba kilichukua dakika ngapi kufika nyuzi 30. Niletee hizo namba, tuanze kuchora kasha.